Maswali na Majibu: Kushuka Trondheim Asubuhi na Kuiwahi Ngazi ya Meli

Tangu tulipochapa makala ya safari ya meli kwenye pwani ya Norwei, barua zimeendelea kuingia, na nyingi zinazunguka jambo lile lile: meli inapofunga gati Trondheim alfajiri katika safari ya kurudi kusini, abiria afanye nini na muda mfupi anaopewa wa kukanyaga nchi kavu? Kwa ambaye hakuisoma makala ile, meli hizi hutoka Bergen, kusini-magharibi mwa nchi, hadi Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi, kisha hugeuza na kurudi, zikigusa bandari 34. Abiria anayekwenda na kurudi huhesabu siku 12, na Trondheim humkuta siku ya 11. Kwa ratiba iliyozoeleka, meli hufika 06:30 na kuondoka 09:30, lakini dakika huweza kusogezwa kutoka msimu hadi msimu, kwa hiyo neno la mwisho ni la ubao ulio karibu na ngazi ya meli uliyopanda. Safu ya toleo hili nimeitoa yote kwa asubuhi hiyo moja na mambo yanayoihusu.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi na mume wangu tumelipia safari ya mwezi wa Mei, na hamu yetu kubwa ni kuliona Kanisa Kuu la Nidaros. Marafiki waliotutangulia wanasema muda wa saa tatu hautoshi kitu, na kwamba ni afadhali tulale. Je, ni kweli? Na kama tutashuka, tutembee kwa miguu au tuchukue teksi, na tuanzie wapi? (Msomaji, Bergen)

JIBU: Dada yangu, msilale. Muda unatosha, mradi tuufanyie hesabu ya kweli kabla hamjavaa viatu. Dakika za mwanzo huenda katika kufunga kamba na kuweka ngazi, na dakika 30 za mwisho mimi huzihesabu kuwa si zangu, ni za meli. Kutoka gatini hadi kanisani ni kama kilomita 2, mwendo wa dakika 25 hadi 30 kwa mtu anayetembea bila kukimbia, kwa hiyo kwenda na kurudi hula karibu saa nzima. Kinachobaki ni saa moja na robo hivi. Mtu anayekaa saa moja na robo mbele ya jambo moja hulijua jambo hilo; anayeigawa kwa mambo sita, akifika bandari inayofuata hakumbuki hata moja. Nadhani marafiki zenu waligawa.

Kuna jambo lazima niliseme mapema ili msije mkavunjika moyo mlangoni: asubuhi ya namna hiyo kanisa lenyewe kwa kawaida bado limefungwa, au linafunguliwa wakati ninyi mnapaswa kuwa mmeshageuka. Abiria wengi huliona kwa nje tu. Mimi silioni hilo kuwa hasara, kwa sababu nje ya Nidaros peke yake ni kazi ya asubuhi nzima. Hata hivyo, wanaotaka kuingia ndani wapange kufanya hivyo meli inapopita Trondheim ikielekea kaskazini, maana safari ile husimama baadaye zaidi mchana unapokaribia.

Njia nzuri ni kuufuata mtaa wa Munkegata. Mtauona ni mpana kuliko mnavyotarajia katika mji wa kale, na upana ule una sababu yake. Mwaka 1681 moto uliuteketeza mji, na mwanajeshi aitwaye Johan Caspar von Cicignon akapewa kazi ya kuuchora upya. Akaweka mitaa mipana iliyonyooka ili moto ukiwaka upande mmoja usirukie upande wa pili kirahisi. Katikati ya mtaa huo kuna uwanja wa Torvet, na katikati ya uwanja imesimama nguzo ndefu yenye sanamu ya Mfalme Olav Tryggvason, ambaye kwa mapokeo ndiye aliyeuanzisha mji mwaka 997. Simameni hapo dakika mbili. Upande wa kusini macho yanakwenda moja kwa moja hadi kanisani, na upande wa kaskazini yanakwenda hadi baharini, kwenye kisiwa kidogo cha Munkholmen. Nguzo hiyo pia ni kijiti cha saa ya jua: kivuli chake huuzunguka uwanja na kuonyesha saa. Asiamini mtu kivuli hicho katika kurudi melini, hata hivyo, kwa sababu kiangazi Norwei husogeza saa zake mbele kwa saa moja, na jua halikuambiwa.

Kanisa lilianza kujengwa mwaka 1070 juu ya kaburi la mfalme mwingine, Olav Haraldsson, aliyeuawa katika vita vya Stiklestad mwaka 1030 na baadaye akahesabiwa mtakatifu. Liliungua mara kadhaa, likakaa karne nyingi likiwa nusu gofu, na kazi ya kulirudishia hadhi yake ilianza mwaka 1869 na kuendelea hadi mwaka 2001. Picha zote mlizoziona ni za uso wake wa magharibi, ule wenye safu za sanamu za wafalme, manabii na watakatifu. Sasa angalieni dira: mnafika asubuhi, jua liko mashariki, na uso ule uko kivulini. Watu wengi husimama pale, hupiga picha yenye giza, wakaondoka wakidhani wameliona kanisa. Ninyi zungukeni kwanza hadi upande wa mashariki, kwenye sehemu ya pembe nane iliyojengwa kuzunguka mahali pa kaburi, kwa kuwa ndiko jua la asubuhi linakopiga.

Mara ya mwisho niliposimama upande ule, niliukaribia ukuta hadi nikaweza kuona alama za tindo. Sehemu kubwa ya jengo ni jiwe la sabuni, jiwe laini la rangi ya kijivu inayoelekea kijani, ambalo mkononi huteleza kidogo kama kitu kilichopakwa mafuta, na kwa ulaini huo mafundi wa kale waliweza kuchonga majani na nyuso ndogo ambazo mawe magumu yangezikataa. Penye ukuta mmoja utakuta jiwe la zamani, lililoliwa kingo na mvua na baridi, limekaa ubavuni mwa jiwe jipya lenye kingo kali, na pale unaona kwa jicho lako mahali fundi wa karne ya kumi na tisa au ya ishirini alipoichukua kazi kutoka kwa fundi wa karne ya kumi na mbili. Kwa jambo hilo peke yake mimi ningeamka saa kumi na moja alfajiri.

Mkitoka hapo msirudi kwa njia mliyojia. Dakika chache upande wa mashariki kuna daraja la kale la mji, Gamle Bybro. Daraja la kwanza la mahali hapo lilijengwa baada ya moto ule ule wa 1681, na hili mnaloliona ni la mwaka 1861. Kutoka juu yake mtaona maghala ya mbao ya rangi nyekundu, manjano na kijani yaliyosimama juu ya nguzo ndani ya mto Nidelva. Mashua za mizigo zilikuwa zikifika chini ya milango yao, na mizigo ikipandishwa kwa kamba. Baada ya hapo fuateni mto kuelekea baharini nanyi mtakuwa gatini bila kuuliza njia.

Kuhusu teksi: kama ni lazima, ichukueni wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi mtegemee miguu yenu, kwa sababu miguu inajulikana itafika lini, na teksi ya asubuhi mapema inaweza isipatikane pale mnapoihitaji.

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Naandika nikiwa bado na hofu. Nilisafiri na mama yangu mzazi, na tulipokuwa tunashuka Trondheim nilimuuliza baharia aliyesimama ngazini tunaondoka saa ngapi. Akajibu "halv ti". Ninajifunza Kinorwei na ninajua "halv" ni nusu na "ti" ni kumi, nikaelewa kuwa ni kumi na nusu, yaani saa nne na nusu kwa hesabu yetu. Tulikuwa darajani tukitazama mto, na mama, bila kujua neno hata moja la lugha yao, akasema moyo wake hautulii, turudi. Nilimbishia njia nzima. Tulipokanyaga ngazi zilibaki dakika sita tu meli iondoke, na jina letu lilikuwa limeshatangazwa. Kosa lilikuwa wapi? Na kama tungeachwa, ingekuwaje? (Msomaji, Oslo)

JIBU: Wa aleikum salaam, mdogo wangu. Mpe mama shikamoo yangu na umwombe radhi kwa kumbishia, kama hujafanya hivyo.

Kosa liko ndani ya lugha, nalo limewanasa wengi. Sisi tunasema saa fulani na nusu, tukimaanisha saa hiyo imekwisha kupita na nusu imeongezeka juu yake. Wanorwei huitaja saa inayokuja. "Halv ti" kwao ni nusu ya safari ya kuelekea kumi, ndiyo 09:30. Wewe ulisikia 10:30. Umeongeza saa nzima ambayo haikuwepo, na ukaiongeza kwa sababu ulikuwa umejifunza lugha kiasi cha kuyatambua maneno yote mawili. Asiyejua kitu angesoma ubao.

Juu ya mtego huo kuna ule wetu wenyewe. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa mapambazuko, kwa hiyo 09:30 ya ubao ni saa tatu na nusu asubuhi, na 06:30 ni saa kumi na mbili na nusu. Tukiwa nyumbani tunafanya ubadilishaji huo bila kufikiri, kwa sababu jua linatusaidia. Trondheim jua halisaidii: mwishoni mwa Juni hutoka karibu saa tisa za usiku kwa hesabu yetu, na katikati ya Desemba hutoka karibu saa nne asubuhi, wakati meli imeshaondoka. Nimemwona mzee mmoja, mtu makini kabisa, akiusoma ubao wa 09:30 na kuwatangazia wenzake kwa sauti kuwa wana hadi saa tisa na nusu, na wote wakaanza kupanga siku nzima ya mjini. Ndiyo maana kwenye meli ninashauri familia iache kubadilisha saa mdomoni. Soma tarakimu kama zilivyo, "sifuri tisa thelathini", muziandike kwenye karatasi au muupige picha ubao, na kila mmoja awe na nakala yake, hata mzee asiyekusudia kutoka peke yake. Baharia akikwambia saa kwa mdomo, mrudishie kwa tarakimu ili akuthibitishie.

Saa ya mkononi nayo iwekwe katika majira ya Norwei, ambayo wakati wa baridi yako nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na wakati wa kiangazi kwa saa moja. Wazazi wanaotoka nyumbani mara nyingi hawapendi kuigusa saa yao, kwa kuwa wanataka kujua huko nyumbani ni saa ngapi. Waachieni, lakini wapeni ya pili.

Kama mngeachwa, meli isingewarudia. Bandari inayofuata kwa upande wa kusini ni Kristiansund, na meli hufika huko jioni ikikaribia, baada ya mwendo wa saa kama saba kwa njia ya bahari. Kwa barabara ni kilomita 200 hivi, kwa hiyo mtu aliyeachwa asubuhi anaweza kwa kawaida kuitangulia meli, kwa gharama yake na kwa mashaka mengi. La muhimu ni kuwa shida hiyo iwakute mkiwa na vitu vya lazima mwilini: kadi ya meli, ambayo husomwa na mashine kila unapotoka na kuingia na ndiyo huwajulisha mabaharia nani hajarudi; kitambulisho au pasipoti; simu yenye chaji; na dawa za siku nzima. Kwa mama wa umri wake, dawa ndizo za kwanza. Kuachwa gatini huku dawa za presha ziko chumbani melini ni kosa ambalo singependa lifanywe na msomaji yeyote wa safu hii.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, kwa nini meli hiyo hukaa Trondheim muda wa saa tatu, lakini kwenye miji mingine mizuri hukaa dakika 15 tu, hata abiria hawezi kushuka na kupanda? Sisi tumelipa nauli kubwa. Je, haiwezekani nahodha akaongeza nusu saa pale abiria wanapoomba? (Msomaji, Malmö)

JIBU: Swali lako lina haki, na jibu lake ndilo linaloweza kuibadilisha safari nzima machoni pa abiria. Meli hii haikusimama kwa ajili yako. Imesimama kwa ajili ya kazi, nawe umeruhusiwa kushuka wakati kazi ikiendelea.

Asili yake ni hiyo tangu mwanzo. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa serikali ya Norwei ilitaka meli ya haraka ya kuunganisha kaskazini na kusini mwaka mzima, na makampuni makubwa yaliogopa, kwa kuwa pwani ile ina maelfu ya visiwa na miamba, giza la majira ya baridi ni refu, na ramani za wakati huo zilikuwa haba. Nahodha Richard With alikubali. Tarehe 2 Julai 1893, asubuhi, meli yake ya mvuke *Vesterålen* iliondoka Trondheim kwenda Hammerfest, na ikafika baada ya saa 67. Barua ambazo majira ya baridi ziliweza kuchukua miezi kufika kaskazini zikaanza kufika ndani ya siku chache. Watu wa vijiji vile hawakuipenda meli kwa sababu ya mandhari. Waliipenda kwa sababu ilikuja, na ilikuja siku iliyosema itakuja.

Sasa tazama hesabu ilivyo leo. Mzunguko mzima wa Bergen hadi Kirkenes na kurudi huichukua meli siku 11 (abiria huhesabu 12 kwa kuwa siku ya kuondoka na ya kurejea zote zimo), na meli zinazofanya kazi hiyo ni 11, zikigawanywa tangu mwaka 2021 kati ya makampuni mawili chini ya mkataba na serikali, saba kwa moja na nne kwa jingine. Ndivyo karibu kila bandari inavyopata meli moja ya kwenda kaskazini na moja ya kwenda kusini kila siku. Ukiongeza nusu saa Trondheim, Kristiansund wanachelewa, Molde wanachelewa, na mtu aliyekuja gatini na mtoto mgonjwa au na kasha la vipuri vya mashua anasimama kwenye upepo akikungoja wewe umalize kupiga picha. Kwa hiyo hapana, nahodha hawezi, na mimi namheshimu kwa hilo.

Urefu wa kila kituo hutokana hasa na mzigo na ukubwa wa mji. Kama unataka kuthibitisha, siku moja usikimbilie kushuka. Simama sitahani upande wa gati na utazame chini. Kwanza kamba nyembamba yenye uzito mwishoni hurushwa kutoka melini, mtu wa gati huidaka na kuivuta, na nyuma yake hufuata kamba nene inayovishwa kwenye nguzo ya chuma. Moja ya omo, yaani mbele ya meli, moja ya tezi, yaani nyuma, kisha zile za kuzuia meli isisogee mbele na nyuma. Mlango wa ubavuni hufunguka. Foklifti huingia na kutoka ikiwa na paleti, ikipiga kengele yake, na dereva hageuzi kichwa kumtazama mtalii yeyote. Katika bandari ndogo kazi yote hiyo huisha kabla hujamaliza kikombe cha chai, kamba inafunguliwa, na maji yanaanza kuchemka tezini. Nimetazama vituo vya namna hiyo usiku wa manane, watu wawili tu gatini chini ya taa moja, na ninakuhakikishia kuwa nilijifunza pwani ile zaidi pale kuliko katika miji niliyoshuka.

Kuhusu miji unayoipita haraka au gizani, kumbuka pia kuwa ratiba imepangwa ili bandari nyingi zinazopitwa usiku wakati wa kwenda zipitwe mchana wakati wa kurudi. Kabla ya kusikitika kuwa umekosa mji, fungua ratiba ya upande wa pili.

SWALI: Ndugu Mhariri, baba yangu ana maumivu ya magoti na anatumia bakora. Anataka kushuka Trondheim ili tu aseme amekanyaga. Ngazi ya meli ni ngumu kiasi gani? Nimeambiwa siku moja huwa tambarare na siku nyingine kama mlima. (Msomaji, Göteborg)

JIBU: Ulichoambiwa ni sahihi, na sababu yake mtu wa pwani anaijua: maji kujaa na kupwa. Meli hupanda na kushuka pamoja na maji, gati halisogei, kwa hiyo mteremko wa ngazi hubadilika. Trondheim tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kupita mita 2 wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu, na huwa ndogo wakati wa maji mafu. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, maana yake ndani ya kituo cha saa tatu ngazi aliyoshukia baba si lazima iwe na mteremko ule ule atakaoupanda.

Nenda jioni ya siku iliyotangulia ukazungumze na mtu wa mapokezi, umweleze hali ya mzee, na uombe msaada wa baharia ngazini. Msishuke na kundi la kwanza. Wale wana haraka na watamsukuma. Ngoja dakika 15, ngazi ikiwa tupu, mzee ashike mkono wa reli, nawe utembee nyuma yake wakati wa kupanda na mbele yake wakati wa kushuka, ili akiteleza akuegemee wewe. Akishafika chini, asikazwe kwenda mjini. Gatini kwenyewe kuna mengi ya kutazamwa, na kukanyaga atakuwa amekanyaga.

SWALI: Nilishuka Trondheim mwezi wa Januari, na mara mbili nilihisi barabara inayumba kama sitaha. Nilifikiri ninaumwa. Je, ni kawaida? (Msomaji, Helsinki)

JIBU: Ni kawaida kabisa. Sehemu kubwa ya njia imekingwa na visiwa, lakini usiku wa kuamkia Trondheim meli hutoka Rørvik na kuvuka Folda, ambako bahari iko wazi na mawimbi ya Januari si ya mchezo. Ubongo ulishazoea kusawazisha mwili kwa mwendo wa meli, na ukishuka huendelea kusawazisha mwendo ambao haupo. Kwa watu wengi hali hiyo hutoweka ndani ya saa au siku chache. Ikidumu zaidi ya hapo, mwone daktari.

Umetaja Januari, na hapo nina neno kwa wote. Asubuhi ya mwezi huo mtashuka gizani na kurudi jua likiwa bado halijachomoza au ndiyo kwanza linachomoza, na mara nyingi juu ya barafu. Mtu anayeyumba hapaswi kutembea juu ya barafu kwa soli laini. Tafuteni njumu za mpira zenye meno ya chuma zinazovishwa juu ya kiatu, muzivae mkiwa bado mmeketi, na muzivue kabla ya kuingia melini, kwa sababu juu ya sakafu laini meno yale yale huteleza.

SWALI: Mhariri wetu, mimi ni mtu wa wasiwasi. Siwezi kufurahia mji nikijua meli inanisubiri huku saa inakimbia. Je, hakuna kituo cha asubuhi ambacho mtu anaweza kushuka na kutembea bila kuangalia saa? (Msomaji, København)

JIBU: Kipo kimoja, na ninafurahi umeuliza. Siku mbili kabla ya Trondheim, katika safari ile ile ya kurudi kusini, meli hufika Harstad asubuhi na kukaa muda mfupi sana. Pale kuna matembezi yanayouzwa ndani ya meli ambapo abiria hushuka, hupanda basi, na meli huondoka bila wao, kwa makusudi. Basi huwapeleka kwanza Trondenes, kwenye kanisa la mawe la enzi za kati lililo ukingoni mwa maji, kisha hukatiza visiwa na kuvuka hori ya bahari kwa kivuko. Wakati huo huo meli inapita Risøyrenna, mfereji uliochimbwa kwenye maji mafupi na kufunguliwa mwaka 1922, ambao kabla yake meli kubwa hazikuweza kukatiza hapo. Pande zote mbili hukutana Sortland karibu na mchana.

Kiongozi wa matembezi ndiye mwenye kuangalia saa, wewe huna kazi hiyo. Kaa upande wa dirisha, basi linapokaribia daraja la Sortland, lenye urefu wa karibu kilomita 1. Siku ambayo basi na meli vimepatana vizuri, utaiona meli yako ikija chini kwenye mlango wa bahari, ndogo kuliko ulivyoikumbuka, na itapiga honi kuwasalimu mlio juu.